Kwa nini mwingine anapimwa malaria na mwingine anaandikiwa dawa tu

Malalamiko tunayoletewa kutoka zahanati za huku Tabora ni ya aina mbili, nayo yanapingana. Wapo waliofika na homa wakapewa dawa mseto bila kutobolewa kidole. Wapo waliopimwa, hawakukutwa na kitu, wakanyimwa dawa. Nianze na wa kwanza, maana wana haki.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, mkubwa kwa mdogo. Zamani mtoto mwenye homa alitibiwa moja kwa moja, na watumishi waliosoma enzi hizo bado wana mkono huo. Tena kuna zahanati yenye mtumishi mmoja: ndiye anayezalisha, anayechanja na anayejaza vitabu. MRDT, yaani kipimo cha haraka cha malaria cha kutoboa kidole, inataka dakika 15 hadi 20 kabla ya kusomwa. Foleni ikifika hadi chini ya mwembe, kidole kinarukwa. Vipimo vikiisha stoo, ndiyo basi.

Tunaelewa, lakini hatukubali. Kila mwezi tunalinganisha vipimo vilivyotumika, wagonjwa waliokutwa na malaria na dozi zilizotoka. Dozi zikizidi wagonjwa, mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, anaulizwa. Asiporidhisha, anajieleza kwa maandishi. Ikijirudia, suala linapanda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na taratibu za nidhamu za utumishi wa umma zinaanza. Anayeandika kitabuni "amekutwa na malaria" ili hesabu zikae sawa ajue hilo ni kosa zito kuliko kutopima, na idadi ya vipimo stoo humuumbua.

Sasa nyie wa pili. "Nina wadudu wangapi?" MRDT haihesabu wadudu, jamani. Hiyo ni kazi ya hadubini. MRDT inaonyesha mistari tu: miwili ni malaria, hata wa pili ukiwa umefifia; mmoja kwenye C (alama ya kuhakiki kwamba kipimo kinafanya kazi), hakuna malaria; C ikikosa mstari, kipimo kimeharibika, kirudiwe. Halafu kuna "malaria yangu huwa inajificha". Mtu ana nimonia au mkojo mchafu, anadai mseto. Mtumishi akishajua atagombezwa jibu likiwa hasi, na mwishowe dawa ataitoa tu, apime ya nini? Kwa maoni yangu hili linatuangusha kuliko hata uhaba wa vipimo.

Ni kweli mkoa wetu una malaria nyingi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliikuta kwa asilimia 23 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 hapa Tabora, wakati kitaifa ni 8. Hata hivyo, hao wengine 77 katika kila 100 hawakuwa nayo.

Homa isipopungua ndani ya siku mbili baada ya jibu hasi, rudi. Mtoto akipata degedege au akishindwa kunyonya, usisubiri hata hizo mbili. Na kama ulimeza mseto wiki chache zilizopita, sema kabla hujatobolewa: MRDT huweza kuonyesha mstari hata wadudu wakiwa wamekwisha, na hapo utahitaji hadubini.