Pesa za shule mwakani: yasemwayo barazani Lamu na hali ilivyo

Januari ikikaribia, mabaraza ya mitaa ya Langoni na Mkomani hayakosi bishano la shule. Mengi huanzia kwenye kauli hizi.

"Gavana hataki kutuletea walimu."

Gavana hana mwalimu wa kuleta, isipokuwa wa chekechea na wa vyuo vya ufundi. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Gredi ya 1 hadi ya 12 ni kazi ya serikali kuu, na walimu wake huajiriwa na TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu. Anayesimama kwenye kikao cha bajeti ya kaunti kudai mwalimu wa hisabati wa Gredi ya 8 atapigiwa makofi, na dai lake litaishia hapo. Adai darasa la chekechea, choo chake, mshahara wa mwalimu wake. Na awahi: sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka makadirio ya kaunti yafikishwe kwa madiwani kufikia 30 Aprili. Anayengoja Juni husomewa yaliyokwisha kupangwa.

"Elimu ni bure, shule haina ruhusa ya kuomba hata shilingi."

Nusu kweli. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza karo ya masomo katika shule za umma, lakini kinaruhusu malipo mengine yakiidhinishwa na waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Masharti mawili hayana mjadala: mtoto asikataliwe shuleni kwa kukosa kulipa, na kila pesa itolewe risiti rasmi. Ujumbe wa WhatsApp wa "tuma kwa nambari ya mwalimu fulani" si risiti.

"Mwalimu mkuu amekalia mamilioni."

Tupige hesabu. Mtoto wa msingi ametengewa na serikali kuu Sh1,420 kwa mwaka. Shule yenye watoto 240 wa Gredi ya 1 hadi ya 6 inatarajia Sh340,800, kwa mafungu ya asilimia 50, 30 na 20: Sh170,400 muhula wa kwanza, Sh102,240 wa pili, Sh68,160 wa tatu. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, stima, maji na ukarabati.

Sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ni Sh15,042 kwa mwanafunzi, kwa hivyo watoto 90 ni Sh1,353,780. Hapo ndipo macho hung'aa. Lakini pesa hizo zina akaunti yake na hazifai kuezekea paa la Gredi ya 3, hata kama madarasa yamepakana ukuta kwa ukuta.

Tena kiwango kilichoandikwa si lazima kiwe ndicho kinachoingia. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kuwa ile Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa shule za upili haitoshelezwi na bajeti, na kilichopo ni kama Sh16,900. Bodi ya shule (BOM) yenye busara huandika bajeti kwa kutazama taarifa ya benki ya mwaka jana.

Visiwani kuna jingine. Mfuko wa saruji ukifika Mokowe kwa lori, bado upakiwe kwenye boti, ushushwe gatini, ndipo upande punda hadi shuleni. Makadirio yaliyonakiliwa kutoka shule ya Malindi, ambako lori hufika mlangoni, hukosa boti, wapagazi na punda, na kuta huishia kwenye linta, yaani juu ya milango. Anayeleta bei aandike bei ya kufikisha shuleni, na aseme saruji ikilowa maji ya chumvi njiani hasara ni ya nani.

"Mtoto yuko darasani, basi amehesabiwa."

Wizara ya Elimu huhesabu aliye kwenye mfumo wake wa kompyuta wa kusajili wanafunzi, ule wengi tuujuao kwa jina la NEMIS. Asiye na cheti cha kuzaliwa hukwama. Aliyehamia kutoka Malindi bila shule ya zamani kumwachilia kwenye mfumo, mgao wake hubaki kule. Watoto 15 wa sekondari msingi wasiohesabiwa ni Sh225,630 kwa mwaka. Kwa usajili wa kuzaliwa uliochelewa, anzeni na kadi ya kliniki, vitambulisho vya wazazi na barua ya chifu, tena kabla shule hazijafungwa mwishoni mwa Oktoba.

"Bajeti ya Juni ndiyo ya mwaka ujao wa shule."

Mwaka wa serikali huanza 1 Julai. Nyongeza au upungufu wa Juni huonekana kwanza muhula wa tatu wa mwaka huohuo, katika lile fungu dogo la asilimia 20.

"Shule za upili zimepungukiwa kwa uzembe tu."

Uzembe upo, sikatai. Lakini Kidato cha Kwanza hakikuwako 2025, na tangu hapo shule ina madarasa matatu badala ya manne: 2026 ni Gredi ya 10 na Vidato vya Tatu na Nne, 2027 ni Gredi ya 10 na 11 pamoja na Kidato cha Nne, watakaofanya KCSE (mtihani wa Kidato cha Nne) ya mwisho ya mfumo wa zamani wa 8-4-4. Mgao hufuata vichwa. Mshahara wa mlinzi na mpishi haukupungua.

"Akichagua sanaa, amekwepa hisabati."

Hakwepi. Kila mwanafunzi wa Gredi ya 10 husoma hisabati, ila ya mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) ni nzito zaidi. Kiingereza, Kiswahili na huduma kwa jamii pia ni lazima, kisha anachagua masomo matatu. Shule haina lazima ya kufundisha kila somo lililomo kwenye orodha ya wizara. Anayetaka Kiarabu au Dini ya Kiislamu atazipata kwenye mkondo wa sayansi za jamii, lakini aulize kwanza kama mwalimu yupo, na kama ni wa TSC au wa BOM. Wa BOM mara nyingi hulipwa na wazazi.