Mtoto Ana Influenza: Dawa Ipi ya Virusi Inamfaa?

Mzazi akishaambiwa kuwa mwanawe ana influenza, ile homa ya mafua makali, swali lake la kwanza karibu kila mara ni hili: dawa ipi ndiyo kiboko? Ni swali la haki. Ila sisi tunaotibu watoto hatuanzi na dawa, tunaanza na mtoto mwenyewe. Ana umri gani na kilo ngapi? Homa ilianza lini? Anapumuaje? Ana pumu, selimundu au ugonjwa wa moyo? Tukishapata majibu, dawa zinaondoka mezani moja baada ya nyingine, na mara nyingi inabaki moja au mbili.

Watoto wengi wenye afya njema hupona influenza bila kumeza dawa yoyote ya virusi. Wanahitaji maji ya kutosha, mapumziko na parasetamoli ya kushusha homa. Antibayotiki haiui virusi vya influenza hata kidogo. Aspirini nayo asipewe mtoto mwenye influenza, kwa sababu inaweza kumletea sindromu ya Reye, ugonjwa wa nadra unaoharibu ubongo na ini. Dawa za virusi tunazilenga zaidi kwa walio hatarini: walio chini ya miaka 5, hasa wale ambao hawajafika miaka 2, wenye pumu, kisukari, selimundu, magonjwa ya moyo au ya mishipa ya fahamu, na wenye kinga dhaifu ya mwili. Mtoto yeyote aliyelazwa kwa influenza naye yumo. Kwa hawa, daktari akiwa na shaka ya kutosha huanza dawa bila kungoja majibu ya maabara.

Dawa tunayoitumia zaidi ni oseltamiviri, inayojulikana kwa jina la Tamiflu. Kirusi kikishazaliana ndani ya seli, hutumia kimeng'enya kiitwacho nyuraminidesi kujikata na kutoka. Oseltamiviri hukifunga kimeng'enya hicho, hivyo virusi vipya vinashindwa kusambaa. Mtoto hupewa mara mbili kwa siku kwa siku 5. Sifa yake kubwa ni umri: tangu 2012 Marekani imeiruhusu hata kwa kichanga cha wiki 2. Je, inasaidia kiasi gani? Uchambuzi wa majaribio mbalimbali umeonyesha kuwa kwa watoto wasio na maradhi mengine hupunguza ugonjwa kwa takriban saa 29, yaani siku moja na kidogo, na maambukizi ya sikio la kati hupungua pia. Kwa wenye pumu nafuu hiyo ya muda haikuonekana wazi. Madhara yanayosumbua zaidi ni kutapika. Kumpa mtoto dawa pamoja na chakula husaidia.

Hapa naomba mzazi awe makini kuliko mahali pengine pote. Dozi ya oseltamiviri hufuata uzito. Mtoto aliyetimiza mwaka 1 na mwenye kilo zisizozidi 15 hupewa miligramu 30 kila mara, wa zaidi ya 15 hadi 23 hupewa 45, wa zaidi ya 23 hadi 40 hupewa 60, na aliyezidi hapo 75. Mwenye umri chini ya mwaka dozi yake hukokotolewa kivyake. Dawa ya maji ambayo kila mililita 1 ina miligramu 6 maana yake ni kwamba miligramu 30 ni mililita 5. Wakati wa janga la mafua la 2009 Marekani ilibidi kutoa tahadhari, kwa kuwa bomba la kupimia lililokuja na dawa lilikuwa na alama za miligramu ilhali maelekezo ya daktari yaliandikwa kwa mililita au vijiko. Kwa hiyo usiondoke dirisha la dawa kabla mfamasia hajakuonyesha kwa kidole, kwenye bomba lako, dawa iishie mstari upi. Kijiko cha chai kisitumike.

Baloksaviri, au Xofluza, ni mpya zaidi, na kivutio chake ni kwamba humezwa mara moja tu, basi. Hii humzuia kirusi mapema zaidi, pale anapoanza kunakili vinasaba vyake. Katika jaribio lililoilinganisha na oseltamiviri kwa watoto wa kuanzia mwaka 1 hadi chini ya miaka 12, muda wa kupata nafuu haukutofautiana sana. Waliotapika walikuwa takriban 6 kati ya 100 kwa baloksaviri, dhidi ya 15 au 16 kwa oseltamiviri. Kwa nusu ya watoto wa baloksaviri virusi hai vilitoweka puani ndani ya saa 24 hivi, dhidi ya 76 kwa oseltamiviri. Kwa mzazi anayepigana na mtoto kila asubuhi na jioni ili ameze dawa, dozi moja ni nafuu kubwa. Lakini kwa karibu mtoto mmoja kati ya watano waliopewa baloksaviri, kirusi kilibadilika kwa namna inayopunguza nguvu ya dawa, na walio chini ya miaka 5 ndio walioathirika zaidi. Ndiyo sababu mimi husita kuitumia kwa wadogo. Marekani imeiruhusu kuanzia miaka 5, na Ulaya kuanzia mwaka 1. Isimezwe pamoja na maziwa wala vyakula vilivyoongezwa kalsiamu, kwa kuwa hupunguza ufyonzwaji wake.

Zanamiviri ni unga unaovutwa kwa mdomo hadi mapafuni. Mtoto mdogo hawezi kuuvuta sawasawa, na mwenye pumu hapaswi kupewa kwani unaweza kumbana kifua. Peramiviri hupitishwa kwenye mshipa mara moja, na humfaa asiyeweza kumeza. Amantadini ya zamani haipendekezwi tena, maana virusi vinavyozunguka sasa vimeizoea.

Wapo wazazi wanaoikataa oseltamiviri kwa kusikia kwamba inawachanganya watoto akili. Hofu hiyo ina chimbuko. Mwaka 2007 Japani iliizuia kwa vijana wa miaka 10 hadi 19 baada ya taarifa za tabia zisizo za kawaida. Tafiti zilizofuata zilionyesha kuwa tabia hizo huwapata pia wagonjwa wa influenza ambao hawakumeza dawa, na mwaka 2018 zuio likaondolewa. Hata hivyo mtoto mwenye homa kali asiachwe peke yake siku mbili za mwanzo, awe anatumia dawa au hatumii.

Kwa mtoto aliyezidiwa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2024 unapendekeza oseltamiviri, ingawa kwa tahadhari kwa kuwa ushahidi ni haba. Dawa hizi zote hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Kwa aliyelazwa, hata siku ya tatu au ya nne bado tunaanza. Kwa hiyo ukiona mtoto anapumua haraka, mbavu zinabonyea, midomo inakuwa ya bluu, amepata degedege, hanywi, hakojoi kwa saa 8, au homa iliyokuwa imeshuka imerudi kwa nguvu, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Mwenye umri chini ya miezi mitatu apelekwe kwa homa peke yake, bila kungoja dalili nyingine.