Skrinshoti ya koefishenti sio modeli

Jana tena. Mtu kanitumia WhatsApp picha ya koefishenti (namba za kuzidishia kwenye fomula) za poly33, yaani uso wa digrii ya tatu uliofitiwa kwenye pointi za ardhi, kutoka MATLAB, programu ya hesabu, "kaka modeli nimeshasevu hii hapa, mbona nikiipiga kwenye Excel mwinuko wa ardhi unatoka chini ya bahari?" Ya ngapi hii mwaka huu, sijui.

Kwenye skrini zinatokea tarakimu nne nne tu, zile nyingine zimebaki kwenye memori. Sasa chukua Dar, UTM (namba za ramani kwa mita) zoni 37 kusini, namba ya kaskazini, ndiyo y yetu, inacheza kwenye 9,250,000. Koefishenti ya y ikiandikwa 0.01234 na kilichokatwa ni 0.000005, zidisha mwenyewe: mita 46! Na hapo y mraba na y³ hatujazigusa.

Ila kinachonichosha zaidi ni hiki. Hata ungenakili tarakimu zote bado ungekwama, maana jamaa aliwasha Normalize (na alifanya vizuri kuiwasha, kwa namba kubwa hivyo). Chini ya fomula imeandikwa kabisa kwamba x na y zimetolewa wastani zikagawanywa kwa std (kipimo cha mtawanyiko), na namba zake zimewekwa pale pale. Watu wanakata picha juu ya hiyo mistari, sijui wanadhani ni tangazo. Na amri ya coeffvalues haikupi wastani wala std, inakupa koefishenti basi. Ndio maana siku hizi nanomalaizi mwenyewe kabla ya kufiti, meanx, stdx, meany, stdy nakuwa nazo mkononi na zinaingia faili moja na koefishenti.

Kusevu kwenyewe ni mstari mmoja, save('uso.mat','f'), f ikiwa ndiyo modeli uliyofiti, unapata modeli nzima, ila unayemtumia awe na Curve Fitting Toolbox, nyongeza ya MATLAB. Hana? Mwandikie maandishi kwa amri ya fprintf na %.17g, yaani tarakimu 17. Amri ya dlmwrite usipoipangia inaandika tarakimu 5, save -ascii bila -double inaandika 8, zote mbili zinakurudisha kule kule. Faili la .sfit la ile app ya kufiti ya MATLAB ni sesheni ya app, usilichanganye na modeli yenyewe. Lowess (njia ya kulainisha kipande kwa kipande, haina fomula moja) usiitafutie fomula ya kunakili, sevu .mat.

Na poly33 badala ya poly22, ya digrii ya pili, kwa nini? Kusema kweli mimi mwenyewe mara nyingi naamua kwa jicho, R-square (kipimo cha uso unavyolingana na data) ukiongeza koefishenti haishuki hata siku moja kwa hiyo hainisaidii sana, na kwenye kona zisizo na pointi uso unapaa tu unavyotaka, mara kibao nimeshasaini ramani yenye kona kama hiyo huku moyo unasita.

Kitu ambacho sikiachi ni pointi tano za majaribio na majibu yake, ndani ya faili hilo hilo, atakayelipokea apige ajionee kama zinakubali.

Nikamwambia jamaa basi nitumie data ya mwanzo nifiti upya, dakika mbili tu. Kaformati laptop.