“Kusoma nani hawezi kufundisha?” Dhana potofu kuhusu kuwasaidia walimu wa madarasa ya awali

Katika shule nyingi, ratiba ikipangwa, walimu wanaosifika hupewa madarasa ya mtihani. Darasa la kwanza humwangukia aliyebaki: mgeni kazini, anayekaribia kustaafu, au aliyekosana na mkuu wa shule. Nyuma ya mgawo huo kuna imani kwamba yeyote aliyepata kujua kusoma anaweza kumfundisha mtoto kusoma. Imani hiyo imezaa nyingine kuhusu namna mwalimu huyo anavyopaswa kusaidiwa, na baadhi yake zimeota mizizi hata kwa watu wanaosimamia bajeti za elimu.

“Anayejua kusoma anajua kufundisha kusoma”

Msomaji mzoefu ndiye asiyeona tena anachokifanya. Jicho likitua juu ya neno, maana inakuja yenyewe, na hakumbuki kwamba zamani aliunganisha sauti moja baada ya nyingine. Mtoto bado yuko kwenye kuunganisha. Mwalimu akimwambia kwamba herufi ya kwanza ya “mama” inaitwa “em”, kisha akamtaka aiunganishe na “a”, mtoto makini atajibu “ema”. Hajakosea, ameunganisha alichopewa. Alihitaji kupewa sauti ya herufi, akapewa jina lake.

Kiswahili husifiwa kwamba kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini jaribu kutamka taratibu “mbu” na “mbuzi”. Katika “mbu”, m ni silabi inayojitegemea, tena ndiyo inayobeba mkazo: m-bu. Katika “mbuzi”, m imeshikana na b, na silabi ni mbili tu: mbu-zi. Yaani maneno yote mawili yana makofi mawili, ingawa moja ni fupi na jingine ni refu. Mwalimu anayewapigisha watoto makofi ya silabi bila kulijua hilo atamkosoa mtoto aliyepatia. Halafu kuna “ng” ya ngoma na “ng'” ya ng'ombe, na kuna dh na th, ambazo wazungumzaji wengi huzitamka kama z na s. Mwalimu atamsaidiaje mtoto kusikia tofauti ambayo yeye mwenyewe haisikii?

Tatizo hili haliko kwenye Kiswahili pekee. Mwaka 1994 mtafiti wa Marekani, Louisa Moats, alichapisha matokeo ya kuwapima walimu wenye uzoefu kuhusu sauti na maumbo ya maneno ya Kiingereza. Wengi walishindwa kuchambua maneno wanayoyatumia kila siku. Walikuwa wasomi wa kutosha, ila chuoni hawakuwa wamefundishwa jambo hilo. Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya mafunzo ni kumpa mwalimu maarifa ya lugha yenyewe anayoifundisha, kabla ya kumpa nyimbo, kadi na michezo. Semina nyingi huanza na kuishia kwenye kadi.

Na lugha yenyewe ina maana kubwa. Philip Seymour na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, walilinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Katika lugha nyingi kati ya hizo, watoto walikuwa wanasoma maneno ya kawaida kwa usahihi mkubwa kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza. Wa Kiingereza walikuwa nyuma sana, kwa sababu tahajia ya lugha hiyo haifuati matamshi. Mafunzo yaliyonakiliwa kutoka kwenye Kiingereza humpa mwalimu wa Kiswahili dawa ya ugonjwa asiouguza. Kwa sehemu kubwa, mtoto wake ataweza kutamka. Shida itajitokeza baadaye kidogo, pale mtoto anapomaliza ukurasa bila kosa hata moja, ukimuuliza amesoma nini anakutazama tu. Hapo mwalimu anahitaji ujuzi wa msamiati, wa kuuliza maswali yanayochimba maana, wa kusimulia na kusikiliza. Hayo hayapatikani kwa kurefusha zoezi la ba-be-bi-bo-bu.

“Wapeleke semina”

Fedha nyingi huzama hapa. Semina inahesabika: walimu kadhaa, siku kadhaa, picha ya pamoja, taarifa imefungwa. Hakuna anayeuliza kama Jumatatu iliyofuata kuna kilichobadilika darasani.

Afrika Kusini walilipima jambo hili kwa uangalifu. Kuanzia mwaka 2015, katika jimbo la North West, shule zinazofundisha watoto wadogo kwa Kitswana ziligawanywa kwa bahati nasibu. Walimu wa kundi moja waliitwa kwenye mafunzo ya siku mbili, mara mbili kwa mwaka. Walimu wa kundi jingine walipata mshauri wa kuwafuata darasani mwao mara kwa mara. Makundi yote mawili yalipewa maandalio ya masomo yale yale na vifaa vile vile vya kusomea. Baada ya miaka miwili, wanafunzi wa walimu waliofuatwa darasani walikuwa wamepiga hatua karibu mara mbili ya wanafunzi wa walimu waliokwenda semina.

Sababu ndiyo inayonivutia zaidi kuliko tarakimu. Walimu waliofuatwa darasani waliwagawa watoto kwenye makundi madogo ya kusoma mara nyingi zaidi kuliko wenzao, na kwa njia hiyo kila mtoto akapata zamu ya kusoma na kusikilizwa. Kusoma kwa makundi madogo ni jambo ambalo kila mwalimu hulikubali semina inapokuwa ikiendelea. Akirudi shuleni anakuta darasa limejaa, madawati yamebanana, na swali ambalo mwezeshaji hakuligusa: wakati nimekaa na hawa sita, wale wengine wanafanya nini? Siku ya kwanza kunatokea kelele, siku ya pili mkuu wa shule anachungulia dirishani, siku ya tatu mwalimu amerudi kusimama mbele, darasa zima linaitikia kwa pamoja. Akiwapo mtu wa kumsaidia siku ile ya kelele, mbinu inaweza kupona.

Kuna pia mafunzo ya ngazi kwa ngazi, ambapo wachache hufunzwa, wakafunze wengine, nao wakafunze wengine. Kwenye karatasi yanapendeza kwa unafuu wake. Lakini kila ngazi hupunguza siku na kupunguza mazoezi, na yanapomfikia mwalimu wa darasa la kwanza yamekuwa hotuba ya mchana mmoja kutoka kwa mtu ambaye pengine hajawahi kumfundisha mtoto wa miaka sita kusoma. Ajabu ni kwamba kasoro hii inajulikana na kila mhusika, na mpango unaofuata huandikwa vile vile.

“Anayekuja darasani ni mkaguzi”

Hofu hii ina msingi. Kwa walimu wengi, mgeni mwenye kalamu amekuwa mtu wa kutafuta makosa, na kalamu yake imewahi kuathiri vyeo na uhamisho. Mwalimu akimwona anabadilisha somo, anachagua watoto wanaojua, anafundisha tena alichokwisha kufundisha jana. Mgeni anaondoka na taarifa nzuri isiyo na maana.

Usaidizi una sura nyingine. Mshauri anayejua kazi yake hakai nyuma akijaza fomu kipindi kizima. Anakaa kati ya watoto, anasikiliza wachache wakisoma mmoja mmoja, wakati mwingine anaomba afundishe sehemu ya somo yeye mwenyewe ili mwalimu atazame. Mwishoni anazungumzia jambo moja, kwa mfano: “Mwalimu, zoezi la sauti ya l limeenda vizuri. Ila wale watano waliokaa nyuma walikuwa wanafuatisha midomo ya wenzao, hawakuwa wanatazama ubao. Kesho ukianza nao wao, unaona itakuwaje?” Akirudi, anaanza na wale watano. Asiporudi, mazungumzo yale yote yamepotea bure.

Kenya ilipoanzisha Tusome, mpango wa kufundisha kusoma, nchi nzima mwaka 2015, haikuajiri jeshi jipya la washauri. Iliwatumia maofisa wa serikali waliokuwa tayari na jukumu la kusaidia shule, ikawapa vishikwambi, na katika kila ziara waliwasikiliza wanafunzi kadhaa wakisoma. Nauli ilirejeshwa kwa kadiri ya ziara zilizofanyika. Hilo la nauli linaonekana dogo, lakini ukiuliza kwa nini maofisa wa elimu hawafiki shule za mbali, jibu la kwanza mara nyingi ni hilo.

Tusizidishe sifa lakini. Mwaka 2018 Matthew Kraft na wenzake walikusanya tafiti 60 kuhusu ushauri wa walimu kazini. Walikuta unabadilisha ufundishaji kwa kiwango kikubwa, na matokeo ya wanafunzi kwa kiwango kidogo zaidi, na kwamba mipango ikipanuka kufikia walimu wengi nguvu yake hupungua. Washauri wazuri hawaokotwi, na mshauri mmoja akipewa shule nyingi kupita kiasi anarudi kuwa mkaguzi wa mwaka mara moja.

“Mwongozo wa hatua kwa hatua unamdharau mwalimu”

Hii ni nusu ya ukweli. Katika majaribio ya mpango wa PRIMR, uliotangulia Tusome, watafiti walilinganisha mafunzo na ushauri peke yake, kisha mafunzo na ushauri pamoja na kitabu kwa kila mwanafunzi, kisha vyote hivyo pamoja na mwongozo wa mwalimu uliopangwa somo kwa somo. Mchanganyiko kamili ndio uliofanya vizuri zaidi, hata gharama zilipohesabiwa. Mwalimu mwenye mwongozo mzuri hakeshi akibuni mpangilio wa herufi na kutunga hadithi. Anakesha, kama ni lazima akeshe, akifikiria watoto.

Nusu nyingine ni kwamba mwongozo unaweza kuzidi. Benjamin Piper na wenzake walipopitia miongozo ya walimu ya miradi 19 katika nchi 13, waliona kwamba inayompangia mwalimu kila neno la kusema haikuwa bora kuliko ile iliyorahisishwa, na kwamba walimu huirekebisha wanapoitumia. Mwongozo wenye aya ndefu za kusomwa kwa sauti humfanya mwalimu aitazame karatasi badala ya mtoto.

“Siku hizi simu inatosha”

Afrika Kusini, tena, walijaribu. Katika jimbo la Mpumalanga kundi moja la walimu wanaofundisha Kiingereza kama lugha ya ziada lilitembelewa na mshauri, jingine likasaidiwa kwa kishikwambi na mshauri wa kwenye simu. Baada ya miaka mitatu, waliosaidiwa kwa mbali walikuwa wameinua kidogo uwezo wa watoto wa kuzungumza na kusikiliza Kiingereza, lakini katika kusoma hapakuwa na faida iliyoonekana. Waliotembelewa waliinua vyote viwili. Ujumbe wa simu unafaa kwa kukumbushana na kutumiana video ya somo, lakini hauwezi kusikia mtoto aliyekaa nyuma akinong'ona.

Inayobaki ni dhana ya wapanga bajeti, kwamba mpango uliofanikiwa ukipunguzwa vipande viwili vitatu utaleta karibu matokeo yale yale. Kaskazini mwa Uganda, Jason Kerwin na Rebecca Thornton walipima mpango wa kufundisha kusoma kwa Kilango, lugha ya eneo hilo, katika matoleo mawili. Toleo kamili lilikuwa na mafunzo ya moja kwa moja, ziara za usaidizi na vifaa vyote, na watoto wake walipiga hatua kubwa katika kusoma na kuandika. Toleo la bei nafuu liliendeshwa na wakufunzi wa serikali kwa ngazi, likakosa baadhi ya vifaa, vikiwamo vibao vya watoto vya kuandikia. Watoto wa toleo hilo waliongeza ujuzi wa kutaja majina ya herufi. Katika baadhi ya vipengele vya kuandika, walifanya vibaya kuliko watoto wa shule ambazo hazikupata mpango wowote.