RNA iliyodharauliwa na swali la mgonjwa wa saratani ya tumbo

Mgonjwa akishajua kwamba ana saratani ya tumbo, swali linalofuata ni lile lile: nitapona? Daktari hujibu kwa kuangalia hatua ya ugonjwa, yaani uvimbe umezama kiasi gani katika ukuta wa tumbo, tezi ngapi za limfu zimeguswa, na kama umefika kwenye ini. Lakini wagonjwa wawili wa hatua moja huweza kupasuliwa sawasawa, mmoja akapona na mwenzake ugonjwa ukamrudia. Ndiyo maana watafiti wanaitazama RNA.

Shuleni tulifundishwa kuwa RNA ni tarishi, hubeba maagizo ya DNA ili seli itengeneze protini. Ila DNA yenye maagizo hayo haifiki asilimia 2. Sehemu kubwa ya iliyobaki iliwahi kuitwa takataka, jina linalotuaibisha leo. Mwaka 1993 wanasayansi Victor Ambros na Gary Ruvkun, wakichunguza mnyoo mdogo, walionyesha kuwa RNA fupi isiyotengeneza protini huweza kumnyamazisha tarishi. Mwaka 2024 wakapewa Nobeli.

Katika saratani ya tumbo, RNA fupi iitwayo miR-21 huongezeka na kumnyamazisha tarishi wa PTEN, protini ambayo ni breki ya ukuaji wa seli. Nyingine, ndefu, ni HOTAIR, ambayo husaidia kuzima jeni. Tafiti nyingi zimeona kwamba uvimbe wenye HOTAIR nyingi huelekea kusambaa kwenye tezi, na wagonjwa wake huishi muda mfupi zaidi.

Kinachovutia ni kwamba baadhi ya RNA hizi hupatikana kwenye damu bila kuharibika upesi, kwa kuwa zimefungwa ndani ya vifuko au zimeshikana na protini. Kinachokera ni sampuli ya damu yenyewe. Chembe nyekundu zikipasuka wakati wa kutoa sampuli, RNA zake humwagika na kuvuruga vipimo. Halafu miR-21 hupanda pia katika saratani nyingine na hata katika uvimbe usio wa saratani, kama ule wa jeraha. Kila maabara nayo huweka kiwango chake cha "juu" na "chini", na tafiti nyingi zimefanyika Asia Mashariki, hivyo haijulikani kama matokeo yatafanana kwingine.

Kwa hiyo kipimo cha RNA hizi bado hakitumiki katika huduma za kila siku. Ripoti ya kinyama, yaani kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara, itakuonyesha aina ya saratani, na ikiwa imesambaa, kama ina HER2 nyingi, protini inayochochea ukuaji wa seli, jambo ambalo humwongoza daktari kuamua juu ya dawa ya trastuzumab.