"Bila nyama utaishiwa damu": si kweli

Nilipoanza kupunguza nyama hapa Mbeya, kwanza siku za kazi, baadaye hata Jumapili, shangazi alinishika mkono: "Mwanangu, utaishiwa damu." Alisema kwa upendo, lakini si kweli.

Gramu 100 za maharage makavu zina protini gramu 20 hivi, na soko la Mwanjelwa yamejaa tele. Makande ni mlo wa maana hasa: protini inayopungua kwenye mahindi hujaziwa na maharage. Madini ya chuma, ambayo mwili huyahitaji kutengeneza damu, yamo pia, ila yale ya kwenye mimea mwili huyafyonza kwa shida. Hapo kachumbari iliyokamuliwa limau husaidia sana. Chai ya rangi huzuia, ndiyo maana nainywa saa moja hivi baada ya kula.

Shangazi hakukosea kwa kila kitu, lakini. Vitamini B12, ambayo mwili huitumia kutengeneza damu, haipatikani kwenye mimea. Mimi nakunywa maziwa na kula mayai. Asiyevigusa hivyo anahitaji vidonge.

Siku ya nyama choma nakaa na wenzangu, nakula ndizi za kuchoma na parachichi la Rungwe. Siku hizi shangazi hunipakulia maharage yangu kabla hajaunga nyama.