Adhabu ndogo mno katika kesi za dawa za kulevya: rufaa hujengwa lini?

Mtu amekutwa na kilo kadhaa za heroini, ametiwa hatiani, kisha anatoka mahakamani kwa kulipa faini. Wananchi husema haki imeuzwa. Sisi waendesha mashtaka hujiuliza swali jingine: hakimu amekosea kisheria, au ametoa tu adhabu tusiyoipenda?

Sheria ikiweka kiwango cha chini na hakimu akashuka chini yake, adhabu ni batili na kazi yetu nyepesi. Ugumu huja adhabu ikiwa ndani ya mipaka. Hapo mahakama ya rufaa haiingilii kwa sababu tu yenyewe ingetoa miaka mingi zaidi. Ni lazima hakimu awe ametumia kanuni isiyo sahihi, amepuuza jambo la msingi, au adhabu iwe ndogo kupita kiasi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya biashara haramu ya dawa za kulevya unataja baadhi ya mambo yanayozidisha uzito wa kosa: genge la uhalifu, silaha, kutumia watoto, cheo cha umma, au kosa kutendeka shuleni au gerezani. Kuna pia kiasi cha dawa, na nafasi ya mtu katika biashara. Punda, yaani mbebaji tu, aliyemeza kete za dawa si sawa na mwenye mzigo, ingawa wenye mzigo wengi wakikamatwa hujiita punda.

Rufaa nyingi huharibikia mahali padogo. Baada ya mshtakiwa kutiwa hatiani, mwendesha mashtaka huulizwa kama ana la kusema kuhusu adhabu. Akijibu kwamba hana kumbukumbu za makosa ya nyuma ya mshtakiwa, akaketi, mwenendo wa shauri, yaani maandishi ya yaliyosemwa mahakamani, unabaki mtupu. Majaji wa rufaa husoma mwenendo huo, hawasomi hasira zetu. Ripoti ya mkemia, uzito halisi, jinsi mzigo ulivyofichwa: vyote vilipaswa kusemwa siku ile.

Muda wa kukata rufaa nao ni mfupi, na huhesabiwa tangu adhabu itamkwe. Aliyehukumiwa lazima ajulishwe kwamba adhabu yake inaweza kuongezwa, na asikilizwe. Hata tukishinda, baadhi ya mahakama humwongezea pungufu ya alichostahili mwanzoni, kwa kuwa amesubiri adhabu ya kosa moja mara mbili.